Maisha ya Bwana Gustav Giemsa na Siri ya Maji Yake

Wanafunzi wetu, walimu wenzangu, na wazazi mnaosoma gazeti hili nyumbani,

Mhariri ameniomba niandike maisha ya mtu mashuhuri aliyefariki zamani, ambaye vijana wanaweza kupata somo kwake. Katika kurasa kama hizi watu wamezoea kusoma habari za wafalme, majemadari na wasafiri. Mimi nimemchagua mfamasia mmoja, mtu wa chupa na mizani, ambaye hakushinda vita yoyote wala hakugundua mto wala mlima. Hata hivyo jina lake hutajwa katika maabara za hospitali nyingi ulimwenguni, na aliwahi kuishi katika nchi yetu hii. Jina lake ni Gustav Giemsa, na Wajerumani hulitamka Gimza.

Nina sababu yangu ya kumchagua. Kabla sijawa mwalimu wa kemia nilikuwa msaidizi wa maabara katika kituo kimoja cha afya, na kwa kutokujua jambo dogo juu ya rangi ya Bwana Giemsa nilikaribia kumpoteza mtoto wa watu. Habari hiyo nitaieleza mahali pake. Kwanza tumfuate mwenyewe tangu alipozaliwa.

Gustav Giemsa alizaliwa tarehe 20 Novemba 1867 katika kijiji cha Blechhammer, katika jimbo la Silesia. Siku hizo Silesia ilikuwa chini ya Prussia, na leo mahali hapo pamo katika nchi ya Poland. Alisoma ufamasia, na katika Chuo Kikuu cha Leipzig akajifunza pia elimu ya madini. Baadaye alikwenda Berlin kusoma kemia na elimu ya bakteria. Ninyi wanafunzi mnaolalamika kwamba masomo ni mengi na hayahusiani, zingatieni jambo hili. Ufamasia ulimfundisha kupima kwa uangalifu, kemia ikamfundisha kwa nini vitu huchanganyika au hukataa kuchanganyika, na elimu ya bakteria ikamfundisha kuangalia viumbe visivyoonekana kwa macho. Kazi iliyompa jina ilihitaji elimu zote tatu kwa pamoja.

Mwaka 1895 alipelekwa Afrika Mashariki ya Kijerumani, yaani Tanganyika ya siku zile, kuwa mfamasia, akakaa hadi mwaka 1898. Ni lazima tuseme wazi kwamba hiyo ilikuwa miaka ya taabu kwa wazee wetu. Ngome ya Kalenga ya Mtwa Mkwawa ilikuwa imekwisha kuangushwa mwaka 1894, na Mkwawa mwenyewe aliendelea kupigana msituni mpaka alipokufa mwezi wa Julai 1898. Huku kwetu Rungwe wamisionari wa Moraviani walikuwa wamefika mwaka 1891. Giemsa hakuja kama mgeni wa wenyeji. Alikuja akiwa mtu wa serikali iliyoitawala nchi kwa nguvu. Jambo hilo tulikumbuke, lakini lisituzuie kutazama aliyoyafanya.

Katika nchi hiyo mfamasia hakuweza kuikwepa malaria. Iliwaua wenyeji, hasa watoto wadogo, na iliwaua wageni bila kujali cheo. Dawa ilikuwa kwinini, na mara nyingi ilitolewa kwa kubahatisha, maana homa ni nyingi na mwili ukiwaka moto hausemi ni homa gani. Mwaka 1897 Robert Koch, daktari mwenye sifa kubwa siku zile, naye alifika Dar es Salaam akachunguza malaria pamoja na maradhi ya mifugo.

Je, watu walikuwa wanajua nini juu ya malaria wakati huo? Mwaka 1880 daktari wa jeshi la Ufaransa, Alphonse Laveran, akiwa Algeria, alikuwa ameviona vijidudu vya malaria ndani ya damu ya askari mgonjwa. Mwezi wa Agosti 1897 Ronald Ross, akiwa India, aliviona ndani ya tumbo la mbu. Kwa hiyo adui alikuwa amekwisha kujulikana. Taabu ilikuwa kumtambua kila siku, katika damu ya kila mgonjwa, na kwa mkono wa mtu wa kawaida asiye Laveran wala Ross. Kijidudu cha malaria ni kidogo kuliko chembe nyekundu ya damu, nacho hukaa ndani ya chembe hiyo. Kikiwa hakina rangi hupotea kama samaki mdogo katika maji ya matope.

Dawa ya kukitia rangi ilikuwa imeanza kutafutwa. Mwaka 1891 Mrusi Dmitri Romanowsky alichanganya rangi ya buluu iitwayo methilini buluu na rangi nyekundu iitwayo eosini, akaona ajabu. Badala ya buluu na nyekundu tu, ilitokea rangi ya tatu, ya zambarau, iliyokamata kiini cha kijidudu na kukifanya king'ae. Lakini mchanganyiko huo ulikuwa na tabia mbaya. Leo ulifanya kazi, kesho ulikataa. Methilini buluu iliyokaa muda mrefu ilifaa, na iliyo mpya haikufaa, na watu wengi hawakujua sababu. Tena rangi hizo mbili zikikutana ndani ya maji huganda na kutuama chini ya chupa. Kila aliyetaka kuitumia alitengeneza yake, na kila mmoja alipata matokeo yake.

Mwaka 1900 ilifunguliwa huko Hamburg, bandari kubwa ya Ujerumani, taasisi ya kuchunguza maradhi ya mabaharia na ya nchi za joto. Hamburg ilikuwa na sababu ya kuogopa maradhi yanayoletwa na meli, kwa kuwa mwaka 1892 kipindupindu kiliwaua watu zaidi ya 8,000 katika mji huo. Mkuu wa taasisi alikuwa Bernhard Nocht, daktari wa bandari, na Giemsa aliwekwa kuwa mkuu wa idara ya kemia. Nocht naye alikuwa amekwisha kushughulika na rangi ya Romanowsky. Basi mfamasia wetu akaishika kazi hiyo.

Aliifanya kama mfamasia anavyofanya. Hakungoja methilini buluu izeeke na kugeuka yenyewe. Alitumia rangi iliyokwisha kugeuka, iitwayo azuri, ikiwa safi na imepimwa, akaichanganya na eosini kwa uzito uliowekwa. Kisha, badala ya maji, aliziyeyusha katika gliserini na methanoli. Gliserini ni nzito kama asali, nayo huzizuia rangi zisigandane. Kwa njia hiyo chupa moja iliweza kukaa muda mrefu bila kuharibika, ikasafirishwa mbali, na ikafanya kazi ileile mikononi mwa mtu mwingine. Habari za rangi hiyo alianza kuzitoa mwaka 1902, na mwaka 1904 aliichapisha namna yake kwa ukamilifu, kila mtu apate kuisoma.

Haukupita muda mrefu sifa ya rangi hiyo ikaenea. Mwaka 1905 Fritz Schaudinn na Erich Hoffmann walitangaza kwamba wamekiona kijidudu cha kaswende, chembamba kama uzi uliosokotwa, ambacho kwa muda mrefu kilikuwa kimewashinda watu. Rangi ya Giemsa ilikuwa mojawapo ya zana zilizosaidia kukionyesha. Ilitumika pia kwa vijidudu vya malale, na kwa kuchunguza chembe za damu zenyewe. Giemsa aliendelea na kazi nyingine, akichunguza kwinini, dawa za kaswende, na njia za kuua panya melini. Lakini ile chupa ndogo ya rangi ndiyo iliyolibeba jina lake mpaka kwetu.

Sasa nakuja kwenye siri ya maji, ambayo ndiyo hasa iliyonifanya nishike kalamu.

Rangi ya Giemsa ikiwa katika chupa yake haiwezi kutia kitu rangi ipasavyo. Ni lazima kwanza ichanganywe na maji, na hapo ndipo huanza kufanya kazi. Hapo pia ndipo udhaifu wake ulipo, kwa sababu hufuata tabia ya maji uliyoipa. Eosini ina chaji hasi, na azuri ina chaji chanya. Protini za damu hubadilika chaji zake kufuatana na maji zilizomo. Maji yakiwa na asidi, protini hupokea ioni za haidrojeni, huzidi kuwa na chaji chanya, nazo huivuta eosini na kuikataa azuri. Basi kila kitu huwa chekundu, na mwili wa kijidudu, ambao ungekuwa buluu, hufifia. Maji yakiwa na alkali nyingi, mambo hugeuka, na kila kitu huwa buluu au kijivu. Kati ya hali hizi mbili ipo nafasi nyembamba ambamo kiini huwa chekundu, mwili huwa buluu, na kijidudu hujitokeza waziwazi.

Watu waliotumia rangi hiyo zamani walitambua kwamba maji yake yasiwe na asidi. Wengine waliyachemsha kwanza, wengine waliongeza alkali kidogo. Lakini asidi kiasi gani, na alkali kiasi gani? Kipimo chepesi kilikuwa hakijapatikana. Alikileta mtu mwingine, ambaye hakuwa akifikiria malaria hata kidogo. Huyo ni Søren Sørensen wa Denmark, aliyezaliwa mwaka 1868, mwaka mmoja tu baada ya Giemsa. Alikuwa mkuu wa kemia katika maabara ya kiwanda cha bia cha Carlsberg huko Copenhagen. Alipokuwa akichunguza vimeng'enya aliona kwamba kazi yao hutegemea sana wingi wa ioni za haidrojeni. Mwaka 1909 akatoa kipimo tunachokiita pH, ambacho kila mwanafunzi wa kidato cha pili anakifahamu. Saba ni katikati, chini yake ni asidi, juu yake ni alkali, na kila hatua moja ni sawa na mara kumi. Pamoja na kipimo hicho alitoa orodha za michanganyiko inayoweza kuishika pH mahali pamoja. Michanganyiko ya namna hiyo huitwa bafa.

Bafa ni nini? Wazazi walioacha shule zamani wasiogope neno hili, maana jambo lenyewe wanalo nyumbani. Fikirini ghala la chakula. Mavuno yakiwa mengi, ghala hupokea. Njaa ikija, ghala hutoa. Kwa hiyo chakula cha mezani hakibadiliki sana, ingawa mvua na jua vinabadilika. Bafa nayo ni ghala la haidrojeni. Ndani yake mna vitu viwili ndugu. Kwa mfano, chumvi mbili za fosfeti: moja, ya potasiamu, ina haidrojeni mbili, na nyingine, ya sodiamu, ina haidrojeni moja. Asidi ikiingia, ile yenye moja huipokea haidrojeni iliyozidi. Alkali ikiingia, ile yenye mbili hutoa haidrojeni ya kuituliza. Na kama ghala lilivyo na mwisho wake, bafa nayo ina mwisho. Ukiizidishia asidi, hujaa na kushindwa.

Hata damu yetu ni maji ya bafa. pH yake hukaa kati ya 7.35 na 7.45, tukikimbia au tukilala. Ikihama mbali na hapo mtu huugua sana na anaweza kufa.

Maji ya rangi ya Giemsa kwa malaria hutakiwa yawe na pH 7.2. Kanuni inayofuatwa mahali pengi ni nyepesi: gramu 0.7 za ile fosfeti ya potasiamu, na gramu 1.0 ya ile fosfeti ya sodiamu, zote zikiwa kavu, katika lita moja ya maji yaliyokenekwa, yaani maji yaliyotokana na mvuke uliopozwa. Baada ya hapo pH hupimwa, na kama imepungua au kuzidi husahihishwa. Wanafunzi wa sayansi wapige hesabu hii wenyewe. Ukidondosha tone moja la asidi ya haidrokloriki yenye nguvu ya moli moja kwa lita katika lita ya maji matupu, pH itashuka kutoka 7 hadi kama 4.3. Ukidondosha tone hilohilo katika lita ya bafa hii, pH haitashuka hata kwa sehemu mbili za mia.

Sasa nieleze kosa langu.

Ilikuwa mwaka 1996, kabla ya vipimo vya haraka vya malaria kuenea. Nyote mnajua kwamba Tukuyu iko juu, penye baridi na mvua nyingi, na malaria yetu si sawa na ya Kyela kule chini ufukweni mwa Ziwa Nyasa. Jioni moja mama mmoja aliyekuja kuwatembelea ndugu zake kutoka Kyela alimleta binti yake wa miaka minne, ana homa kali. Nilimtoa damu, nikatengeneza slaidi mbili kama nilivyofundishwa, moja ya kutumia na moja ya akiba. Nilipotaka kuchanganya rangi nikaona chupa ya maji ya bafa ni tupu, na chumvi zake zimekwisha. Mzee wetu wa maabara alikuwa amekwisha kwenda nyumbani.

Nje palikuwa na pipa la maji ya mvua. Nikajiambia kwamba hakuna maji safi kuliko yale yanayotoka mbinguni, nikachota, nikachanganya rangi, nikatia slaidi. Nilipoitazama kwa hadubini niliona uwanja mzima una rangi ya waridi, kama ua. Nilitafuta sana, sikuona kijidudu. Nikaandika katika karatasi kwamba hakuna vijidudu vya malaria. Mtoto akapewa dawa ya kutuliza homa, akarudi na mama yake.

Alfajiri aliletwa tena, amepatwa na degedege na hamtambui mama yake. Tabibu aliisoma karatasi yangu, na kwa kuwa ilisema hakuna malaria, alianza kuwaza homa ya uti wa mgongo. Karatasi yangu ndiyo iliyomwelekeza njia hiyo. Mzee wa maabara alipofika akaomba kuiona slaidi. Aliitazama kwa jicho tu, bila hadubini, akaniuliza nilitumia maji gani. Nilipomjibu hakunigombeza. Alinituma nikimbie hadi shule ya sekondari iliyokuwa jirani, nikamwombe mwalimu wa kemia chumvi mbili za fosfeti, akaniandikia uzito wake katika kipande cha karatasi.

Nilikimbia katika tope mpaka nikamkuta mwalimu huyo anafungua maabara yake. Alipima gramu 0.7, akapima gramu 1.0, akazifunga kila moja katika karatasi yake, akanipa na chupa ya maji yaliyokenekwa, bila kuniuliza maswali mengi. Niliporudi mzee alichanganya, akapima pH, akatia rangi ile slaidi ya akiba. Kwa rangi yenye nguvu ya asilimia 10, dakika kumi zilitosha. Kisha akaniita nitazame. Damu ilikuwa ya mtoto yuleyule, ya saa ileile, mkono uliotandaza ni wangu mwenyewe. Lakini sasa vijidudu vilikuwa vimejaa, kila kimoja ni pete ndogo ya buluu yenye kito chekundu. Mtoto alianzishiwa kwinini mara moja na kupelekwa hospitali kubwa. Siku ya tatu alikaa kitandani akaomba ndizi. Leo ni mtu mzima.

Nilimwomba mama yake radhi. Alinitazama kwa muda, halafu akasema kwamba mtoto amepona, na hilo latosha. Mimi sikuona kuwa latosha. Mwaka uliofuata niliomba nafasi ya kusomea ualimu, nikachagua kemia.

Baadaye ndipo nilipojifunza kosa lilikuwa wapi. Maji ya mvua hayana bafa. Yanapoanguka hufyonza kaboni daioksaidi ya hewani na kuwa asidi hafifu, yenye pH karibu na 5.6. Hata maji yaliyokenekwa yakiachwa wazi hupatwa na jambo hilohilo. Wilaya yetu inaifahamu kaboni daioksaidi kuliko wilaya nyingi, maana upande wa Busokelo hutoka ardhini yenyewe, na watu huivuna kwa biashara. Basi maji yangu safi yalikuwa safi kwa macho tu. Kwa rangi ya Giemsa yalikuwa maji yenye asidi, nayo rangi ikafuata tabia yake.

Tumalize maisha ya mwenyewe. Giemsa alifanya kazi Hamburg kwa miaka mingi, akawa profesa. Sitaficha kwamba mwezi wa Novemba 1933 jina lake lilikuwamo katika orodha ya maprofesa wa Ujerumani waliotia sahihi tamko la kumwunga mkono Adolf Hitler. Tunayajua maovu yaliyofuata. Mtu aliyejua kwamba asidi kidogo katika maji huharibu slaidi nzima alilikubali jambo lililoharibu nchi nzima. Naliandika hili ili vijana wasidhani kwamba akili ya maabara humlinda mtu na kila kosa. Alifariki mwezi wa Juni 1948 katika kijiji cha Biberwier, katika milima ya Tirol nchini Austria, akiwa na umri wa miaka 80. Sørensen alikuwa amemtangulia, kwa kuwa alifariki mwaka 1939.

Kazi zao mbili bado zinakwenda pamoja. Siku hizi vipo vipimo vya haraka, na zahanati nyingi huvitumia, lakini slaidi ya Giemsa bado inatakiwa pale daktari anapotaka kuhesabu vijidudu au kujua kama dawa inafanya kazi. Na bafa zimezidi kuwa muhimu kuliko siku za Sørensen. Katika maabara za kisasa wataalamu huchunguza DNA ya vijidudu, wakiizidisha mara mamilioni kwa kimeng'enya ndani ya kijibomba kidogo. Kimeng'enya hicho hakifanyi kazi vizuri bila bafa yake. DNA yenyewe husafirishwa ndani ya jeli kwa umeme, na jeli hiyo huzama katika bafa. Hapa mjini Tukuyu tunacho kituo cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Natamani siku moja nisikie kwamba mmoja wa vijana wanaosoma ukurasa huu anafanya kazi humo.

Nina maneno matatu ya kufungia. Kwa wanafunzi: mnapoambiwa mpime gramu 0.7, msipime kwa kukisia, na chupa yenye kibandiko cha bafa msiidharau kwa sababu inafanana na maji. Kwa walimu wenzangu: tutunze mizani na chumvi za maabara zetu, maana hatujui ni asubuhi gani mtu atakuja akikimbia. Kwa wazazi: michango mnayotoa kwa ajili ya maabara ya shule si kwa mitihani peke yake.

Ile slaidi ya waridi niliomba nipewe, nami ninayo hadi leo. Kila mwaka, kidato cha pili wanapofika somo la pH, huwaonyesha na kuwaeleza habari hii. Atakayependa kuiona na aje maabara siku yoyote baada ya masomo.